Jinsi ya Kuamua Kama Ununue Hisa za Kampuni ya Huduma za Migodi Iliyo Taabani

Kampuni za huduma za migodi ni zile zinazochoronga miamba, kuchimba na kusomba mawe, kukodisha mitambo mizito au kujenga miundombinu kwa niaba ya mwenye mgodi. Hazimiliki dhahabu wala shaba iliyomo ardhini. Mali yao ni mitambo, mafundi na mikataba. Bei za madini zinaposhuka, mwenye mgodi hupunguza kwanza kazi za wakandarasi kabla ya kugusa uzalishaji wake mwenyewe, na ndiyo maana hisa za kampuni hizi huporomoka kuliko hata za migodi yenyewe. Bei hiyo iliyoporomoka humvutia mnunuzi. Kabla hajatoa fedha zake, nashauri aweke kando kwa muda swali la iwapo bei ya madini itapanda, kwa kuwa siku moja itapanda, na aulize jambo gumu zaidi: sekta itakapoinuka, je, mwanahisa wa leo atakuwa bado ndiye mwenye kampuni?

Mifano nitakayotumia inatoka zaidi Australia, kwa sababu soko la hisa la Sydney, yaani ASX, ndilo lililoorodhesha kampuni nyingi za aina hii, na kwa sababu miaka ya 2013 hadi 2017 ilizipima zote kwa mtihani mmoja. Dhahabu ilipoteza zaidi ya robo ya bei yake katika mwaka 2013 pekee. Chuma ghafi, kilichokuwa juu ya dola 130 za Marekani kwa tani mwanzoni mwa 2014, kilishuka chini ya dola 40 Desemba 2015. Bajeti za utafutaji wa madini duniani zilishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 20 mwaka 2012 hadi karibu dola bilioni 7 mwaka 2016. Kampuni zilizopita katika kipindi hicho ziliishia mahali tofauti kabisa, na sababu za tofauti hiyo zilikuwa zimeandikwa katika taarifa zao za fedha kabla mambo hayajafika mwisho.

Hatua ya kwanza: tambua kinachoiumiza kampuni

Taabu za kampuni hizi hutoka katika vyanzo vitatu, na kila kimoja kina matokeo yake. Chanzo cha kwanza ni mzunguko wa sekta: kazi zimepungua, mashine zimeegeshwa, lakini kampuni yenyewe ni nzima. Cha pili ni mkataba mbaya, yaani kazi iliyokubaliwa kwa bei isiyolingana na gharama zake. Cha tatu ni deni lililochukuliwa wakati wa neema. Mara nyingi vyanzo hivi huchanganyika, lakini kimoja huwa ndicho kinachoua, na msomaji anapaswa kuweza kukitaja kwa sentensi moja kabla ya kuendelea. Akishindwa kukitaja baada ya kusoma taarifa za miaka mitatu, na aiache kampuni hiyo.

Kati ya vyanzo hivyo, mzunguko wa sekta ndio unaovumilika, mradi kampuni ina fedha za kuusubiri upite. Mkataba mbaya huua haraka. Forge Group ya Perth ilitangaza Agosti 2013 faida ya takriban dola milioni 63 za Australia, kubwa kuliko zote katika historia yake. Novemba mwaka huohuo biashara ya hisa zake ilisimamishwa, kisha kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 127 katika miradi miwili ya kujenga vituo vya umeme, Diamantina na West Angelas, iliyokuwa imeipata kwa kununua kampuni nyingine. Hisa ziliporudi sokoni zilianguka kwa zaidi ya asilimia 80 katika siku moja. Wapo walionunua siku zilizofuata kwa kuamini kwamba baya limekwisha kupita. Februari 11, 2014, kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na wanahisa hawakubaki na kitu.

Hatua ya pili: soma maelezo ya madeni kabla ya kusoma faida

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutumia muda wake mwingi. Fungua taarifa ya mwaka ya kampuni, ambayo hupatikana bure katika tovuti ya soko la hisa au ya kampuni yenyewe, uruke picha na barua ya mwenyekiti, uende moja kwa moja kwenye maelezo ya mikopo nyuma ya hesabu. Andika katika karatasi kila mkopo kwa mambo matano: kiasi chake, riba yake, mwaka wa kuiva (yaani mwaka ambao deni lazima liwe limelipwa), dhamana iliyowekwa, na sarafu yake.

Mwaka wa kuiva una uzito kuliko ukubwa wa deni. Kampuni yenye deni kubwa linaloiva baada ya miaka mitano ina nafasi ya kuusubiri msimu ubadilike. Yenye deni la wastani linaloiva baada ya miezi 14 iko mikononi mwa wadai wake. Anza kuwa na wasiwasi mapema, kwa sababu deni litakaloiva ndani ya miezi 12 huhamishiwa katika madeni ya muda mfupi kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, na hapo mkaguzi hupima kwa makini zaidi iwapo kampuni inaweza kuendelea na shughuli zake. Aya ya mkaguzi inayotaja shaka juu ya jambo hilo haina maana kwamba kampuni imekufa, lakini ina maana kwamba uamuzi umetoka mikononi mwa wakurugenzi.

Sarafu ya deni husahaulika, nayo imeumiza wengi. Ausdrill, iliyoanzishwa Kalgoorlie mwaka 1987, ilitoa mwaka 2012 hati fungani (hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji) za dola milioni 300 za Marekani kwa riba ya asilimia 6.875 za kuiva mwaka 2019. Wakati huo dola moja ya Australia ilikuwa sawa, au zaidi kidogo, na dola moja ya Marekani. Kufikia mwishoni mwa 2015 ilikuwa karibu senti 70. Deni la aina hiyo, lisipokingwa dhidi ya mabadiliko ya sarafu, huongezeka kutoka dola milioni 300 za Australia hadi takriban milioni 430 bila kampuni kukopa hata senti moja zaidi. Kwa hiyo tafuta kampuni inapata mapato yake kwa sarafu ipi, na iwapo imejikinga.

Kisha soma masharti ya mikopo. Benki nyingi huitaka kampuni iahidi kwamba deni halitazidi kiwango fulani cha faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, au kwamba faida hiyo itatosha kulipa riba mara kadhaa. Hesabu mwenyewe: chukua faida ya nusu mwaka uliopita, izidishe mara mbili, upunguze robo yake kama tahadhari, kisha uone kama ahadi hizo bado zinatimia. Ukiona kampuni imeomba msamaha wa masharti, fahamu kwamba msamaha huo haukuwa wa bure. Hulipiwa kwa ada, kwa riba ya juu, au kwa dhamana mpya inayowasogeza wadai mbele zaidi na kumwacha mwanahisa nyuma.

Kisa cha Boart Longyear kinaonyesha hili kwa ukamilifu. Hii ni kampuni ya uchorongaji yenye historia inayoanzia mwaka 1890, na makao yake makuu yako Salt Lake City nchini Marekani. Iliingia soko la ASX Aprili 2007 kwa dola 1.85 za Australia kwa hisa. Mwaka 2012 mauzo yake yalikuwa takriban dola bilioni 2 za Marekani; mwaka uliofuata yakashuka hadi takriban bilioni 1.22, na hasara ikawa dola milioni 620. Tayari ilikuwa na hati fungani za dola milioni 300 kwa riba ya asilimia 7, na mwaka huohuo wa 2013 ikaongeza nyingine za dola milioni 300 kwa riba ya asilimia 10. Riba ya hati hizo mbili peke yake ilikuwa dola milioni 51 kwa mwaka, ilhali mauzo yaliendelea kushuka hadi takriban milioni 640 mwaka 2016. Hisa zilionekana rahisi katika kila mwaka wa kipindi hicho. Lakini ulifanyika mpango wa kuokoa kampuni uliomwingiza mwekezaji Centerbridge, ukafuata mwingine mwaka 2017 ulioidhinishwa na mahakama, na mwingine tena mwaka 2021 ambapo madeni yaligeuzwa hisa na wadai wakachukua zaidi ya asilimia 95 ya kampuni. Boart Longyear bado inachoronga miamba katika mabara kadhaa. Mafundi wake wanajulikana na kuheshimiwa, na kazi ilirudi. Walioipoteza kampuni ni wanahisa, na hawakuipoteza kwa kukosea kuhusu sekta.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni bei ya hati fungani zenyewe, pale zinapouzwa sokoni. Gazeti la fedha likieleza kwamba hati za kampuni yako zinauzwa kwa senti 50 au 60 kwa kila dola, basi wale wanaotangulia kulipwa hawaamini kwamba watalipwa chao chote. Mwanahisa hulipwa baada yao. Kununua hisa katika hali hiyo ni kudai kwamba unajua jambo ambalo wadai, wenye mawakili na nafasi ya kuona hesabu za ndani, hawalijui.

Hatua ya tatu: fuata fedha taslimu na hali ya mitambo

Uongozi wa kampuni hizi hupenda kutaja faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Kwa kampuni ya programu za kompyuta kipimo hicho kinaweza kufaa. Kwa kampuni ya lori za tani 200 na mashine za kuchoronga, uchakavu ni gharama ya kweli kama mafuta na mishahara, kwa sababu injini, tairi na mifumo ya haidroli hulika kila saa mtambo unapofanya kazi. Kwa hiyo chukua fedha taslimu zilizotokana na shughuli, uondoe fedha zilizotumika kununua na kukarabati mitambo, uondoe riba na malipo ya ukodishaji wa mitambo kama bado hayajaondolewa. Kinachobaki ndicho kilicho cha mwanahisa.

Kuna mitego miwili hapa. Mauzo yanaposhuka, kampuni hukusanya fedha za kazi za zamani huku ikitoa ankara chache mpya, hivyo kwa miezi sita au mwaka fedha huingia kwa wingi na deni hupungua. Hali hiyo ni ya mara moja tu. Linganisha kiasi wanachodaiwa wateja mwanzoni na mwishoni mwa mwaka. Ikiwa fedha nyingi zilitoka huko, usizihesabu kuwa za kila mwaka.

Mtego wa pili ni kupunguza ukarabati. Kampuni inaweza kukaa miaka miwili bila kununua kitu, ikavua vipuri kutoka katika mashine zilizoegeshwa na kuvifunga katika zinazofanya kazi, na hesabu zake zikapendeza. Weka uchakavu wa mwaka kando ya fedha zilizotumika kwa mitambo. Zikiwa chini ya nusu ya uchakavu kwa miaka miwili mfululizo, kazi itakaporudi kampuni itahitaji fedha nyingi kufufua mashine zake kabla ya kupata faida. Uliza pia ni asilimia ngapi ya mashine iko kazini, takwimu ambayo kampuni nyingi za uchorongaji huitangaza, na mashine zilizoegeshwa zimeandikwa kwa thamani gani. Mizania ikisema mitambo ina thamani ya milioni 500 wakati wa mdororo, kumbuka kwamba wakandarasi wengine wote nao wanajaribu kuuza yao katika mnada uleule.

Haya hayazuii usimamizi mzuri kuonekana. Ausdrill, niliyoitaja, ilipunguza ununuzi wa mitambo, ikakusanya fedha na kulipunguza deni lake wakati hati zake bado zilikuwa na miaka kadhaa kabla ya kuiva. Hisa zake zilikuwa chini ya senti 30 za Australia mapema 2016, na kabla ya mwisho wa 2017 zilikuwa zimepita dola 2. Iliinunua Barminco mwaka 2018 na sasa inaitwa Perenti. Ilikumbana na mdororo uleule na wateja wa aina ileile. Muda wa deni na nidhamu ya fedha ndivyo vilivyoitofautisha na Boart Longyear.

Hatua ya nne: pima mikataba, wateja na mahali kazi ilipo

Tenganisha kazi ya utafutaji na kazi ya uzalishaji. Kuchoronga kwa ajili ya utafutaji hulipiwa zaidi na kampuni ndogo ambazo hazina mapato na hutegemea kuuza hisa ili kupata fedha. Soko likifunga milango yake, kazi hiyo hukauka ndani ya robo mwaka. Kuchimba na kusomba mawe katika mgodi unaozalisha huendelea hata bei ikiwa chini, ilimradi mgodi una gharama nafuu kuliko wenzake. Thamani ya mikataba inayotangazwa haina uzito mkubwa kama mingi inaweza kusitishwa kwa notisi fupi. Tafuta nani hubeba gharama za kuhamisha mitambo mkataba ukivunjwa, na kama bei hupanda pamoja na mafuta na mishahara. Mteja mmoja akitoa zaidi ya theluthi ya mauzo, chambua mgodi wake kana kwamba unanunua hisa za mgodi huo.

Msomaji wa Geita, Kahama au Tarime ana faida ya kuona kwa macho. African Underground Mining Services, iliyokuwa ubia wa Ausdrill na Barminco, ilifanya kazi ya uchimbaji wa chini ya ardhi Geita, na vibarua, mafundi na wauza vipuri wa mji walijua mapema kuliko mchambuzi wa Sydney kama zamu zinaongezeka au zinapunguzwa. Maarifa hayo yana thamani, lakini yanahusu mkataba mmoja kati ya mingi, na shughuli nyingi katika mgodi mmoja hazilipi deni lililokopwa mbali.

Mahali pia pana hatari zake. Zuio la Tanzania la Machi 2017 la kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye madini, lilisababisha shughuli za mgodi wa Bulyanhulu kupunguzwa sana Septemba mwaka huo, na wakandarasi waliumia kwa uamuzi ambao haukuwahusu wao. Nchini Burkina Faso, Novemba 6, 2019, msafara wa wafanyakazi waliokuwa wakienda mgodi wa Boungou ulishambuliwa na watu wengi wakauawa, wakiwemo wafanyakazi 19 wa kampuni tanzu ya Perenti. Baada ya msiba huo kampuni iliondoka mgodini hapo. Anayeiwekea kampuni fedha zake anapaswa kujua watu wake wanafanya kazi wapi na wanalindwa vipi, kwanza kwa sababu ni watu.

Hatua ya tano: hesabu bei baada ya hisa mpya

Kampuni iliyo taabani karibu kila mara huuza hisa mpya, kwa hiyo bei iliyo kwenye ubao leo peke yake haitoshi kufanyia uamuzi. Tuchukue kampuni ya mfano yenye hisa milioni 400 zinazouzwa senti 10 kila moja. Soko linaithamini dola milioni 40, na deni lake ni milioni 160. Biashara nzima, pamoja na deni, ina thamani ya milioni 200. Sekta ikiinuka na biashara ikafikia milioni 300 bila hisa mpya, wanahisa wanabaki na milioni 140, yaani senti 35 kwa hisa. Hiyo ndiyo hesabu inayomvutia mnunuzi.

Sasa tuseme benki inadai nusu ya deni ilipwe kwanza. Kampuni inahitaji milioni 80 na inaziuza hisa kwa senti 5, hivyo inatoa hisa bilioni 1.6, na jumla inakuwa bilioni 2. Biashara ikifikia milioni 300 zilezile, ukitoa deni lililobaki la milioni 80, wanahisa wana milioni 220 zilizogawanywa kwa hisa bilioni 2. Ni senti 11 kwa hisa. Aliyenunua kwa senti 10 alitabiri vyema kuhusu sekta na amepata senti moja. Aliyesubiri na kununua kwa senti 5 amepata zaidi ya mara mbili. Fanya hesabu hii kwa kampuni yako halisi, kwa bei tatu tofauti za hisa mpya, kabla ya kupiga simu kwa dalali. Kumbuka kwamba kanuni za ASX huiruhusu kampuni kutoa hadi asilimia 15 ya hisa zake ndani ya miezi 12 bila kuomba kura ya wanahisa, na kwamba mwanahisa wa ng'ambo mara nyingi hapewi nafasi ya kushiriki katika toleo la hisa kwa wanahisa waliopo.

Hesabu hii ndiyo inayonifanya nipendelee kuchelewa. Emeco, inayokodisha mitambo ya kuchimba na kusomba, iliuzwa kwa senti chache mapema 2016. Ilikubaliana na wadai sehemu ya deni igeuzwe hisa, huku ikiungana na Andy's Earthmovers na Orionstock, na mpango ukakamilika Machi 2017 na muda wa deni lililobaki ukasogezwa mbele. Baada ya tarehe hiyo mnunuzi aliweza kusoma hesabu akijua idadi ya hisa, kiasi cha deni na mwaka wa kuiva. Alikosa bei ya chini kabisa, na bado alipata nafasi ya kutosha katika miezi iliyofuata.

Ukiamua kununua

Aishiye Tanzania au Kenya na aulize kwanza benki na dalali aliyesajiliwa kuhusu kanuni za kupeleka fedha nje, ada za kubadilisha sarafu na kodi ya gawio, kwa maana katika kiasi kidogo ada hizo peke yake zinaweza kula faida ya mwaka. Weka kiasi ambacho kikipotea chote hakitagusa ada ya shule, kodi ya nyumba wala fedha za ugonjwa. Katika hisa hizi kupoteza chote ni tokeo la kawaida, kama Forge ilivyoonyesha. Usinunue kwa mkopo. Gawa fedha hizo sehemu mbili, ya pili isubiri ripoti ya nusu mwaka inayofuata. Kwa kampuni za Australia zinazofunga hesabu Juni, ripoti hutoka Agosti na Februari.

Andika siku ya kununua sababu zitakazokufanya uuze, ukizitaja waziwazi: deni kuongezeka kwa vipindi viwili mfululizo, msamaha mpya wa masharti, mteja mkuu kuondoka, ripoti kucheleweshwa, mkuu wa fedha kujiuzulu bila mrithi. Bei ya hisa kushuka peke yake isiwe miongoni mwa sababu hizo, wala kupanda kwa dhahabu kusiwe sababu ya kuzipuuza. Ripoti inapotoka, fungua kwanza ukurasa wa maelezo ya mikopo, uuweke kando ya karatasi yako ya mambo matano, na uulinganishe mstari kwa mstari kabla ya kusoma taarifa kwa vyombo vya habari.